Ua la Shaba na Vumbi Lake

Ukisafiri kutoka Lubumbashi kwenda Likasi, na kutoka Likasi kuelekea Fungurume na Kolwezi, barabara inapita katika misitu ya miombo, ile miti ambayo majani yake huchipua yakiwa mekundu kabla mvua haijaanza. Hapa na pale msitu unakatika ghafla. Kilima kinasimama peke yake bila mti hata mmoja, kimefunikwa na nyasi fupi na maua madogo ya zambarau, na mawe yaliyotapakaa chini yake yana rangi ya kijani. Hakuna aliyefyeka. Shaba na kobalti zilizojaa kwenye udongo ni sumu kwa mizizi ya miti, na kilichobaki juu ya kilima ni ile mimea michache inayoweza kuishi na sumu hiyo.

Dalili ya mvua ni mawingu, na wayeyushaji wa Katanga, jimbo la zamani la kusini-mashariki mwa Congo, waliishi kwa kanuni hiyo hiyo: jiwe la kijani juu, shaba chini. Mwaka 1984 Anciaux de Faveaux na Pierre de Maret walichapisha tarehe za kwanza za uyeyushaji wa shaba katika jimbo hili, wakati huo likiitwa Shaba, na za kale zaidi, kutoka jirani na Lubumbashi, zinarudi nyuma hadi karibu karne ya 4. Kaskazini, kando ya Ziwa Kisale, makaburi ya Sanga yaliyofukuliwa mwaka 1957 na 1958 yalitoa misalaba midogo ya shaba iliyozikwa pamoja na marehemu. Bonde la Upemba halina mgodi wa shaba. Kwa hiyo kila msalaba uliokutwa katika makaburi hayo unashuhudia safari: kuna aliyechimba kusini, kuna aliyebeba, na kuna aliyelipa. Hakuna maandishi ya wakati huo yanayosimulia biashara hiyo. Tunaijua kwa sababu chuma na shaba havikui shambani, na kitu kikikutwa mahali ambapo hakiwezi kuzaliwa, lazima kililetwa. Misalaba mitatu ya namna hiyo ilichorwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kiangazi, baada ya mavuno. Watu waliokota na kuchimba malakiti, lile jiwe la kijani, wakaisafisha, wakajenga matanuri kwa udongo wa kichuguu, wakawasha makaa na kupuliza kwa mivukuto ya ngozi. Waliofanya kazi hii wamejulikana kama walaji wa shaba, na mwaka 1926 Jean-Félix de Hemptinne, kiongozi wa Kanisa Katoliki huko Katanga, alitoa maelezo marefu juu yao chini ya jina hilo hilo. Ukiyasoma leo unashangazwa na jinsi kila hatua ilivyotegemea jicho: rangi ya jiwe, rangi ya moto, namna shaba inavyong'aa inapoanza kuchuruzika. Mtu aliyekosea hakuhitaji kuambiwa na msomi. Tanuri lilimwambia.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 shaba hiyo ilikuwa chini ya Msiri, mfalme wa Wayeke aliyetoka upande wa Tanzania ya leo na kujenga makao yake Bunkeya. Misafara ya pwani ya mashariki na ile ya Angola ilikutana kwake. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na afisa wa msafara wa Stairs, uliotumwa kuiweka nchi yake chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wiki chache baadaye ukaingia Bunkeya msafara mwingine, wa Bia na Francqui, ukiwa na mtaalamu wa miamba, Jules Cornet. Mwaka 1892 Cornet alipita kwenye machimbo ya Wayeke na majirani zao, akayachora na kuyaeleza, na kueleza jinsi tabaka za miamba zilivyolala. Maneno "kashfa ya kijiolojia", ambayo hadi leo wanasiasa wa Congo huyarudia wakizungumzia utajiri wa nchi, husemekana kuwa yake.

Baada yake walikuja watu wa Robert Williams na kampuni yake ya Tanganyika Concessions, iliyoanzishwa mwaka 1899, wakiongozwa na George Grey. Nao pia walipelekwa na wenyeji kwenye mashimo ya zamani. Vitabu vya kikoloni vinaita jambo hilo ugunduzi. Jina la haki zaidi ni kuonyeshwa njia. Walichoongeza wageni ni kipimo: jiwe lilipelekwa maabara, likasagwa, likapimwa asilimia ya shaba iliyomo. Hilo nalo si dogo, kwa sababu kilima cha kijani kinaweza kuwa na ganda jembamba la malakiti juu na mawe matupu chini.

Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ilifika, na viwanja vya mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, vikaanza kupimwa. Mwaka uliofuata tanuri la kampuni, kando ya mto Lubumbashi, lilimwaga shaba yake ya kwanza kwa mawe ya mgodi wa Étoile, ambao wenyeji waliuita Kalukuluku. Bomba refu la moshi na kile kilima cheusi cha takataka za tanuri, ambacho kila mtu mjini anakiita terril, vikawa alama za mji. Kumbuka moshi huo. Utarudi.

Sasa tuingie kwenye maua.

Katika miaka ya 1950 Paul Duvigneaud, mtaalamu wa mimea kutoka Chuo Kikuu Huru cha Brussels, alitembea kwenye vilima hivi akiwa na swali ambalo wachimbaji hawakulijali sana. Wao walitaka kujua kilichomo chini ya kilima. Yeye alitaka kujua kwa nini juu yake panaota mimea hii na si mingine. Kazi yake kubwa juu ya uoto wa Katanga na udongo wake wenye madini ilitoka mwaka 1958. Aliona kwamba mimea haikutawanyika ovyo juu ya kilima. Ilijipanga kwa mikanda: katikati, penye shaba nyingi, spishi chache sana, pembeni, shaba inapopungua, spishi nyingine, kisha nyasi za kawaida, kisha miti. Baadhi ilifuata kobalti zaidi kuliko shaba, na mmoja, aliouelezea pamoja na Plancke mwaka 1959, ukapewa jina la Crotalaria cobalticola, yaani mkaaji wa kobalti.

Mmea uliopata sifa kuliko yote ni Haumaniastrum katangense, wa jamii moja na mrehani, wenye vichwa vidogo vya maua ya zambarau. Wanasayansi wanaotumia Kifaransa waliuita ua la shaba. Ukiuona umetanda kama zulia, walisema, chini yako kuna shaba. Kwa mtafuta madini hiyo ilikuwa habari njema mno: badala ya kuchimba mashimo mia, unatembea baada ya mvua na kutazama maua.

François Malaisse, Mbelgiji aliyefundisha kwa miaka mingi katika chuo kikuu cha Lubumbashi, ndiye aliyeifuatilia habari hiyo kwa uvumilivu mkubwa kuliko wengine. Chuo hicho kilianzishwa miaka ya 1950 kikiwa chuo rasmi cha Congo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Kuanzia 1971 kikawa sehemu ya chuo kikuu cha taifa cha Zaire, na mwaka 1981 kikapata jina lake la sasa, UNILU. Katika miaka ya 1970 Malaisse alishirikiana na Robert Brooks, mkemia wa New Zealand aliyekuwa akipima madini ndani ya mimea ya nchi nyingi, mara nyingi kwa kukata kipande kidogo cha jani lililokaushwa na kuhifadhiwa katika makusanyo ya mimea. Hakuhitaji kusafiri. Jani lililochumwa Katanga zamani lilitosha.

Matokeo yalishangaza. Mmea wa kawaida huwa na takriban mikrogramu 10 za shaba katika gramu moja ya jani kavu, na kobalti chini ya hapo sana. Mwaka 1977 Brooks aliripoti kwamba Haumaniastrum robertii, ndugu wa ua la shaba, ulikuwa na mikrogramu 10,232 za kobalti katika gramu moja. Hiyo ni zaidi ya asilimia 1 ya uzito wa jani. Mwaka 1978 Malaisse, Brooks na wenzao walitangaza katika jarida la Science kwamba Aeolanthus biformifolius umefikisha asilimia 1.37 ya shaba. Mimea ya namna hii ikaitwa walimbikizi, na mpaka uliowekwa kwa shaba na kobalti ukawa mikrogramu 1,000 kwa gramu. Katanga ikawa na orodha ndefu ya mimea iliyovuka mpaka huo, zaidi ya nchi yoyote duniani. Kila mwenye kuandika kitabu juu ya mimea na madini alikuwa na sura ya Katanga.

Wakati huo huo ua la shaba lilianza kuwatumikia watu wengine kabisa. Karibu na Luano, upande wa uwanja wa ndege wa Lubumbashi, lilikuwa limetanda mahali ambapo chini hapakuwa na mshipa wowote wa madini. Mtafuta madini angechimba hapo na kuondoka akilaani. Watafiti walipofukua walikuta mabaki ya matanuri ya kale na vipande vya malakiti kina kifupi tu kutoka juu. Watu wa zamani walikuwa wamebeba mawe kutoka machimboni hadi karibu na maji, penye vichuguu vya kujengea matanuri na miti ya kuchomea makaa. Makombo ya kazi yao yalitia udongo shaba, na karne nyingi baadaye maua yakaja kukaa juu yake. Mwaka 1982 de Plaen, Malaisse na Brooks walieleza jinsi ua hilo linavyoweza kumwongoza mchimbuaji wa mambo ya kale.

Hapo ndipo penye utamu wa habari hii. Dalili ilikuwa ile ile, zulia la zambarau. Halikusema uongo: udongo ulikuwa na shaba kweli. Lakini safari kutoka "udongo huu una shaba" hadi "chini pana mgodi" ni safari ya akili ya mtu, si ya ua, na mtu anaweza kupotea njiani. Mwaka 1996 Brooks mwenyewe, pamoja na Alan Paton, walirudi kuichunguza upya jamii yote ya Haumaniastrum na kuonyesha kwamba sifa yake kama kionyesha shaba ilikuwa imetiwa chumvi. Mmea huo huonekana pia kwenye udongo usio na madini. Si kila mtu maarufu anaweza kukaa chini na kukata kipande cha umaarufu wake mwenyewe. Brooks aliweza.

Bado zilibaki zile namba kubwa: asilimia 1 ya kobalti, asilimia 1.37 ya shaba. Namba ina heshima ambayo ua halina. Imetoka kwenye mashine, ina nukta, na mtu huogopa kuibishia. Lakini Katanga ni nchi ya vumbi. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua haipo, malori hupita, upepo wa kusini-mashariki hubeba udongo mwekundu na kuutandaza juu ya kila kitu, na majani ya mimea mingi ya vilima vya shaba yana vinyweleo au utomvu unaonasa chembe. Ukichuma jani hilo, ukalikausha na kulipima, unapima nini: shaba iliyopanda kupitia mizizi, au shaba iliyoangukia jani kutoka hewani? Na jani lililochumwa miaka 30 iliyopita na kubanwa katika karatasi za makusanyo, nani ana hakika kama lilioshwa?

Mwaka 2007 Michel-Pierre Faucon, Mylor Ngoy Shutcha wa kitivo cha kilimo cha UNILU, na Pierre Meerts walichapisha jaribio ambalo ukilisikia unajiuliza kwa nini halikufanywa mapema. Walichuma mimea iliyosifiwa kuwa walimbikizi, wakaosha majani kwa njia tofauti, kisha wakapima. Kiasi cha madini kilitegemea jani limeoshwaje. Makadirio mengi ya zamani, walihitimisha, yalikuwa yamepandishwa na vumbi ambalo halikuondolewa vizuri. Njia nyingine ya kumkamata mdanganyifu huyo inajulikana: pima titani katika jani hilo hilo. Titani imejaa kwenye udongo lakini mmea huichukua kidogo mno. Ukiikuta kwa wingi, ujue umekula udongo.

Mwaka 2010 likaja jaribio la upande mwingine. Chipeng na wenzake waliotesha ua la shaba lenyewe katika maji yenye virutubisho, mbali na vumbi la Katanga, wakiongeza shaba kidogo kidogo. Mmea ulivumilia shaba kwa kiwango ambacho kingeua mwingine. Lakini haukuilimbikiza kwenye majani kama ilivyodaiwa. Uwezo wake halisi ni kuizuia isipande juu, na kwangu mimi huo ni uhodari mkubwa kuliko ule uliosingiziwa. Baadaye, mwaka 2013, wataalamu wa dunia wakapendekeza mpaka wa mlimbikizi wa shaba na kobalti ushushwe hadi mikrogramu 300 kwa gramu, kwa sharti kwamba kipimo kifanywe kwenye jani safi la mmea unaoota porini. Orodha ya Katanga ilifupishwa, lakini mimea ya pekee ya Katanga haikupotea: uchambuzi wa 2010 ulihesabu spishi 32 ambazo haziishi mahali popote isipokuwa kwenye udongo wa shaba wa ukanda huu.

Sasa turudi kwenye ule moshi. Tanuri la Lubumbashi lilifanya kazi tangu 1911 hadi mapema miaka ya 1990, chini ya Union Minière, kisha chini ya Gécamines baada ya serikali kutaifisha mwaka 1967. Upepo wa kiangazi uliusukuma moshi wake kwenda kaskazini-magharibi, na huko msitu ulikufa. Mahali panapoitwa Penga Penga pakabaki ardhi wazi. Hapo Shutcha na wenzake walijaribu kupanda nyasi za asili, mojawapo ikiwa ile iliyokuwa imeshajiotea yenyewe kwenye udongo huo mbovu, wakiongeza chokaa na mbolea ya mboji ili shaba isiyeyuke kirahisi. Kusudi ni kufunga vumbi chini.

Maana vumbi lile lililoharibu hesabu za wataalamu wa mimea halikuishia kwenye majani. Linaingia majumbani, linatua kwenye sombe na lengalenga zinazoanikwa, linashika vidole vya mtoto anayetambaa. Kwa mtu wa mimea vumbi ni kosa la kuoshwa. Kwa daktari, vumbi hilo hilo ndilo jambo lenyewe la kupimwa.

Célestin Banza Lubaba Nkulu, mtaalamu wa sumu katika Shule ya Afya ya Umma ya UNILU, alianza na mkojo. Pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na timu ya Wacongo na Wabelgiji, alikusanya sampuli za watu 351 wa Katanga na kuwalinganisha kwa umbali: wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda, wanaoishi mbali kidogo, na wanaoishi mahali pasipo na uchimbaji. Matokeo yalitoka mwaka 2009. Waliokaa karibu walikuwa na arseniki, kadimiamu, kobalti, shaba, risasi na urani nyingi zaidi mwilini. Kobalti yao ilikuwa ya juu kuliko ilivyowahi kuripotiwa popote kwa watu wa kawaida wasiofanya kazi viwandani. Utafiti mwingine, wa 2014, uliuliza inaingiaje: mboga zilizolimwa kwenye udongo uliochafuka, na kwa watoto, vumbi wanalolamba.

Mtu anaweza kusema, kama ilivyosemwa kuhusu majani: je, kikopo chenyewe cha mkojo kilikuwa safi? Swali halali. Ndiyo sababu uchukuaji wa sampuli hizi una masharti mengi ya vyombo safi, na ndiyo sababu kundi la kulinganisha lina uzito kuliko namba yoyote moja. Kama vumbi la vikopo ndilo lingekuwa limetengeneza kobalti, lingeitengeneza pia kwa wale wa mbali.

Kisha ikaja Kasulo. Mwaka 2014 katika mtaa huu wa Kolwezi mkazi mmoja alipochimba kwenye kiwanja chake alikuta kobalti, na mtaa mzima ukageuka machimbo. Wachimbaji wadogo, ambao Katanga nzima inawaita creuseurs, walichimba uani, barabarani, hata chini ya sakafu za nyumba, na vumbi la mawe likakaa ndani pamoja na watu. Timu ya Banza iliwapima wakazi 72 wa Kasulo, 32 kati yao wakiwa watoto, na watu 25 wa mtaa jirani usio na machimbo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika Nature Sustainability. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti kwenye mkojo mara 10 hivi kuliko watoto wa mahali pengine, na kulikuwa na dalili za madhara kwenye chembe zao za urithi.

Utafiti wa nne ndio mgumu kuliko wote kuusoma bila kuyumba. Katika hospitali za Lubumbashi, kuanzia Machi 2013 hadi Februari 2015, watafiti waliwaandikisha watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro zinazoonekana kwa macho na 108 wasio na kasoro. Walipima madini kwenye mkojo wa mama, kwenye kondo na kwenye damu ya kitovu. Waliuliza kazi za wazazi. Mwaka 2020 Daan Van Brusselen, Tony Kayembe-Kitenge na wenzao wakachapisha katika Lancet Planetary Health. Watoto ambao baba zao walifanya kazi inayohusiana na madini walikuwa na uwezekano wa kasoro uliokadiriwa kuwa mara 5.5 ya wengine. Lakini kadirio hilo lilikuja na mipaka yake: ukweli ungeweza kuwa mara 1.2 tu, au ukafika mara 25. Kuhusu madini katika mwili wa mama, ambako wengi wangetarajia jibu, tofauti zilikuwa chache na hazikuelekeza kidole kwenye kobalti.

Nimesikia utafiti huu ukitajwa kwa namna mbili. Wanaharakati husema umethibitisha kwamba migodi inazaa watoto wenye kasoro. Watetezi wa kampuni husema haukuthibitisha kitu, tazama mipaka ilivyo mipana. Wote wawili wameruka hatua. Watoto 138 si dhana; walizaliwa, wakaonekana, wakaandikwa. Uhusiano na kazi ya baba upo kwenye takwimu. Njia ambayo sumu ingepita kutoka shimoni hadi kwa mtoto kupitia baba haijaonyeshwa. Tena swali liliulizwa baada ya kujifungua, na mzazi wa mtoto mwenye kasoro hukumbuka kila jambo kwa uchungu na kwa makini kuliko mzazi mwingine. Waandishi wenyewe waliyasema wanayoweza kuyasema na kuishia hapo. Hiyo ndiyo tabia niliyoiona kwa Brooks mwaka 1996 na kwa walioosha majani mwaka 2007, na naiamini kuliko makala kumi zenye uhakika.

Kinachokera ni kwamba katika habari zote hizi za afya hakuna kipimo cha kabla. Kasulo ilibidi ilinganishwe na mtaa jirani, kwa sababu hakuna aliyewapima watoto wa Kasulo mwaka 2013. Lubumbashi haina rekodi ya mkojo wa mtu yeyote kabla ya 1911, na hilo halirekebishiki. Lakini migodi mipya inafunguliwa sasa. Sheria ya madini ya Congo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018 wakati bei ya kobalti ilipopanda kwa ajili ya betri za magari, inadai tathmini ya mazingira kabla ya uchimbaji. Wanaoandika tathmini hizo, na maofisa wanaozipiga muhuri, waongeze jambo moja: wapime kobalti, urani na risasi katika udongo wa uani, katika mboga na katika mkojo wa watoto wa vijiji vya jirani kabla ya baruti ya kwanza kulipuliwa, waikabidhi UNILU nakala ya matokeo, na wayatangaze kwa lugha ambayo mama wa watoto hao anaisoma.